Mikono ya Mzee Shija

Ujumbe wa Minza ulikuwa wa sauti, mfupi, na nyuma yake nilisikia kuku na mtu anapasua kuni. "Dada Kulwa, babu ametutoka jana asubuhi. Tunazika kesho. Bibi amesema wewe uambiwe." Nilikuwa kibandani kwangu Kahama, simu ya mteja imefunguliwa mbele yangu, bisibisi mkononi. Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Nilikuwa nimeuelewa tangu mara ya kwanza, ila nilitaka kujua kama ndani yake kuna lawama. Haikuwemo. Juu ya kabati, ukutani, yalikuwa yananing'inia magitaa mawili mekundu. Niligeuza kiti nisiyaone. Kisha nikamwandikia Minza kwamba naumwa, sitaweza kufika kuzika. Sikuwa naumwa. Naanza na uongo huo kwa sababu ndio wa karibuni zaidi, na nikianza na wa zamani nitapata nafasi ya kuupamba.

Sasa nina miaka ishirini na tisa. Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na ishirini na miwili, nimepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na kila kitu mle ndani kilikuwa na mahali pake. Bisibisi zilipangwa kwa urefu. Pasi ya kuyeyushia risasi ilikaa kushoto, mita ya kupimia umeme kulia. Unga wa mashine uliingia kupitia dirishani ukatua juu ya meza, nami niliupangusa mara nne kwa siku. Kutengeneza simu nilijifunza kwa kuziharibu za kwangu. Gitaa nilijifunza kwa kutazama video, nikizipunguza kasi mpaka vidole vya wapigaji vikawa vinatembea kama vya wagonjwa. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia hapo inatosha, basi haikutosha kamwe. Nikikosea noti moja nilirudi mwanzo wa wimbo, hata kama kosa lilikuwa mwishoni kabisa.

Ugonjwa wangu wa mwaka ule ulikuwa magitaa ya umeme ya Kijapani ya zamani. Yaliingia huku kwetu enzi ambazo viwanda na vyama vya wakulima vilikuwa na bendi zao, na bendi zilipokufa yakabaki yametawanyika: stoo za kwaya, chini ya vitanda, kwenye kuta za baa. Yana swichi nyingi kuliko kazi zake, mabati yanayong'aa, na wekundu unaoingia weusi pembeni kama kaa linaloanza kuzimika. Gitaa la kwanza nililipata Nyarugusu, kwenye baa ya mama mmoja machimboni, limetundikwa pembeni ya kalenda. Mchimbaji fulani aliliacha siku habari ya dhahabu mpya ilipotoka upande mwingine, watu wote wakahama kwa asubuhi moja. "Huyo harudi," mama yule aliniambia. "Nitengenezee televisheni yangu, uchukue hilo dude lako, linanikusanyia buibui." La pili nilipewa na kwaya moja ya Geita, likiwa na nyuzi tatu. La tatu lilitoka Nkome, kwa mfanyabiashara wa dagaa, na hata leo ukiliweka juani linanukia dagaa.

Niliyalinganisha. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu, na mtu asiye na tabia hii hawezi kuielewa. Yote niliyafunga nyuzi za aina moja, nikayachomeka kwenye amplifaya moja ndogo ambayo kitufe chake cha sauti nilikitia alama ya rangi ya kucha ili kisisogee. Simu ilikaa kwenye kigoda, umbali wa shubiri mbili, ikirekodi. Nilipiga noti zilezile sita. Kisha nikaandika kwenye kaunta buku: uzito, namba iliyogongwa kwenye bati la shingo, na kipimo cha kila pikapu. Pikapu ni kile kisanduku chenye sumaku na waya mwembamba kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa mtetemo wake. Gitaa la umeme bila pikapu ni ubao. Lile la Nyarugusu lilitakiwa kuwa na pikapu tatu. Lilikuwa na mbili. Ya katikati mtu alishaing'oa, akafunika tundu kwa kipande cha kopo la maziwa.

Mtunza stoo wa ile kwaya ndiye aliyenielekeza Mhunze. Alisema yuko mzee mmoja aliyepiga solo kwenye bendi ya jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, na kwamba gitaa lake bado analo. Nilikwenda na lile la Nyarugusu nimelifunga kwenye khanga. Nilimkuta na mkewe wamekaa barazani wanabangua karanga kwenye ungo mmoja.

"Hodi hapa."

"Karibu. Nani mwenzetu?"

"Naitwa Kulwa, mzee. Shika—"

"Kulwa!" Aliziachia karanga. "Kulwa wa mapacha kweli, au jina la kupewa?"

"Wa mapacha. Doto yuko Mwanza."

Alisimama, mzee yule mrefu aliyepinda kidogo mabegani, akavua kofia, akainamisha kichwa. "Shikamoo, dada."

Nilitamani ardhi inimeze. Mkewe, Mama Mabula, alicheka mpaka karanga zikamwagika. Kwetu Usukumani mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, na kwa hesabu ya Mzee Shija, mimi Kulwa nilimtangulia tumboni, kwa hiyo ni dada yake mkubwa.

"Utamtia mtoto wa watu balaa," Mama Mabula alisema. "Anaamkiwa na mzee asiye na meno!"

"Meno sina, lakini dada ninaye. Wewe una nini? Una ungo."

Tangu siku ile hakuniacha nimwamkie hata mara moja. Nikitokea tu kwenye uchochoro wa mkonge, yeye alishasimama: shikamoo, dada. Mimi nikawa naitikia marahaba kwa sauti ya chini, huku nikiangalia kama majirani wanasikia.

Nilifungua khanga. Alilichukua gitaa, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye kichwa chake, mahali palipoungua. "Lukas," alisema. "Hapa ndipo alipokuwa anachomeka sigara akipiga. Mwenzangu wa rithim. Pamba ilipoanguka akasema anakwenda kwenye dhahabu, atarudi. Mama Mabula, njoo uone, gitaa la Lukas." Aliingia ndani, akatoka na la kwake limevishwa gunia la pamba lililoshonwa vizuri kama nguo. Yalikuwa sawa kwa rangi, kwa mabati, kwa kila kitu. Mimi niliinama haraka kusoma namba kwenye bati la shingo. Zilifuatana. Yalitoka kwenye sanduku moja. Nilimwonyesha zile namba, naye akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa risiti. Alikuwa bado ameshika pale palipoungua.

Mwaka ule nilikwenda Mhunze karibu kila mwezi. Nakumbuka sebule yake kuliko chumba changu mwenyewe: kiti cha mbao chenye mikono mipana, redio iliyofunikwa kitambaa, dirisha lililotazama shamba la mtama. Mama Mabula alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, amevipika na karanga, na mchana ugali na majani ya kunde. Mzee alikula polepole, akitafuna kwa upande mmoja, akiongea. Kisha alifuta mikono na kupiga. Alipiga kwa pikapu ya katikati tu. Swichi nyingine alizifunga kwa gundi miaka mingi nyuma. Sauti yake ilianza nzito, kisha ikafunguka, kama mtu anayeanza kuongea na chakula mdomoni halafu akameza. Hakuna gitaa langu lililotoa sauti ile. Niliandika kwenye kaunta buku kwamba kipimo cha pikapu yake ni tofauti na pikapu zote nilizowahi kupima za aina hiyo, na pembeni nikaandika: tofauti za kiwandani. Nilikuwa na jibu la kila kitu.

Wimbo aliopenda kunifundisha aliutunga alipokuwa anamposa Mama Mabula. Haukuwa na maneno. "Maneno walikuwa nayo wengine waliomtaka," alisema. "Mimi nilikuwa na hili." Nilipoupiga bila kukosea hata noti moja, nikasubiri sifa. Alijikuna shingo. "Umepiga vizuri, dada. Lakini unapiga kama unayesahihisha mtihani." Mama Mabula, akiwa jikoni, alipaza sauti: "Mwache, atajifunza akipenda mtu!" Nilicheka nao. Lakini njia nzima ya kurudi niliirudia kichwani sentensi ile ya mtihani, nikitafuta mahali nilipokosea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa kwenye kundi moja la mtandaoni la wapenda magitaa ya zamani, watu wa nchi mbalimbali ambao sijawahi kuwaona. Nilipiga picha gitaa la Nyarugusu, nimelisafisha mpaka kwenye skrubu, nikaliweka pale. Watu wachache walilisifu. Mmoja akaandika: zuri, lakini si kamili, pikapu ya katikati haipo. Ndiyo hayo tu. Hakutukana. Nililala na neno lile "kamili" na nikaamka nalo. Nilitafuta pikapu ile kwa wauzaji wote niliowafahamu. Haikupatikana. Nilijua mahali pekee ilipo, katika nchi yote hii, kwa ufahamu wangu. Ningeweza kumwomba Mzee Shija. Nimejiuliza miaka saba kwa nini sikumwomba. Angekataa ningeumia. Na angekubali, maana alikuwa mtu wa kukubali, ningelazimika kumtazama akilitoa gitaa lake sauti kwa ajili yangu. Nilichagua njia ambayo nisingelazimika kumtazama.

Nafasi ilikuja kirahisi. Minza, mjukuu wao, alikuwa anaolewa. Mzee alinipa gitaa mkononi, ndani ya gunia lake. "Lisafishe, dada. Swichi inakwaruza. Jumamosi ijayo nampigia Minza ule wimbo wa bibi yake, mbele za watu. Sijapiga mbele za watu tangu jineri ifungwe." Mama Mabula aliongeza kwamba amekuwa akifanya mazoezi kila asubuhi mpaka mbuzi wameujua wimbo.

Nilifanya kazi ile asubuhi ya Jumatatu, mlango nimefunga komeo, mashine ya kusaga ikinguruma nyuma ya ukuta. Ilichukua dakika ishirini. Niliitoa pikapu yake, nikaitia kwenye gitaa langu. Kwenye lake nikaweka pikapu mpya ya Kichina niliyoinunua palepale Kahama. Kwa sababu ilikuwa inang'aa, niliipaka chai ya rangi iliyochemshwa sana, nikaisugua kwa majivu, nikaikausha, nikarudia, mpaka mimi mwenyewe nikawa siwezi kuitofautisha kwa macho. Swichi nayo niliisafisha vizuri. Niliiba kwa unadhifu. Nilijiambia: mzee wa miaka ile, masikio yale, hatajua. Nililiweka langu kwenye picha, nikaandika "kamili", na watu wa lile kundi walinipongeza siku nzima. Nilifurahi. Siwezi kudanganya na hilo. Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Jumamosi kulikuwa na turubai mbele ya nyumba, viti vya kukodi, na mshereheshaji kijana mwenye suti ya buluu na kipaza sauti kisichotulia. Nilimkabidhi mzee gitaa lake asubuhi ileile, nikakaa mstari wa pili. Mzee alitoka amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mikunjo ikasimama, akakaa, akalichomeka gitaa. Alipiga noti nne za mwanzo akaacha. Alitazama amplifaya. Akazungusha kitufe cha sauti kidogo, akaanza tena. Alifika mbali zaidi, akaacha. Kisha akafanya kitu ambacho nakiona mpaka leo nikifumba macho: aliuinua mkono wake wa kushoto mbele ya uso, akaufungua na kuufunga, akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Akaanza mara ya tatu. Sasa alikuwa anabonyeza nyuzi kwa nguvu, akiitafuta sauti yake kwa vidole, na kwa kuwa alibonyeza kwa nguvu, noti zikatoka nje. Wimbo ule niliousikia ukipigwa kama maji, ulikuwa unajikwaa. Aliishia katikati.

"Jamani, mzee wetu betri zimekwisha!" mshereheshaji alisema. "Tumpigie makofi, tumpeleke chaji! Bibi, usiku umhifadhi vizuri huyo!"

Watu walicheka sana. Hawakuwa watu wabaya, ni watu wa harusi. Mzee naye alicheka, akapunga kofia, akalichomoa gitaa. Mfuko wangu ulikuwa mapajani, na ndani yake, kama kila siku, mlikuwa na bisibisi ya kulifungulia gitaa lile mbele yao.

Niliinuka kana kwamba naenda kusaidia kupakua pilau. Jikoni palikuwa na ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu, na upande wa pili wake walikuwa wamekaa wao wawili. Nilisikia kila neno.

"Swichi imeharibika," Mama Mabula alisema. "Yule mtoto ameigusa."

"Usimsingizie. Swichi haikwaruzi hata kidogo, ameifanyia kazi nzuri. Ni mimi."

"Wewe una nini? Jana ulipiga hapa vidole—"

"Jana nilipiga kwenye kiti, bila gitaa. Mikono imekwisha, Mama Mabula. Naibonyeza, naijua, lakini haitoi ile sauti. Ile sauti inatoka mkononi, si ndivyo nilivyokuwa nakwambia siku zote? Basi haitoki tena."

Nilikuwa nimeshika sinia la pilau. Niliwapelekea wageni wa upande wa bwana harusi, nikarudi, nikachukua jingine. Nilipeleka masinia sita. Kila nilipopita pale nilijiambia, nikimaliza hili nitaingia.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mtama, aliniita. Gitaa lilikuwa limeshavikwa gunia. "Dada, chukua."

"Mzee, hapana."

"Mdogo wako anakupa kitu, unakataa? Hili na lile la Lukas yalitoka pamoja, yakae pamoja. Kwangu litakufa kwa vumbi. Wewe una mikono." Na akaongeza kwa utani wake, ingawa macho hayakucheka: "Nipe baraka basi, mkubwa."

Nilisema, "Wabeja," asante ya Kisukuma, kwa sababu Kiswahili kilinigoma. Nikalichukua. Kuna watu watasoma hapa na kusema ungemwambia tu palepale. Najua. Nimelisema hilo kuliko wao. Lakini nilikuwa mtu ambaye tangu utoto sikuwahi kuonyesha kazi yenye kosa kwa mtu yeyote, na hili lilikuwa kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Nililibeba ndani ya gunia, nikaenda nalo nyumbani.

Sikurudi tena Mhunze. Mzee alinipigia simu sikukuu zote. "Shikamoo, dada. Umenitupa." Nilisema kazi nyingi. Aliuliza magitaa yanaendeleaje, nikasema yako vizuri. Aliniuliza mara moja kama naupiga ule wimbo, nikasema mtandao unakatika, nikakata. Yale mengine mawili niliyaacha yakashika kutu, lile kundi nilijitoa, kaunta buku nikaiweka chini ya godoro. Miaka saba. Kila mwaka niliona kwamba sasa nimechelewa mno kusema, na mwaka uliofuata nikaona mwaka uliopita ungefaa.

Wiki mbili baada ya ule ujumbe wa Minza, nilitafuta rekodi za zamani kwenye kadi ya simu. Nilitaka kusikia anavyopiga. Nilichokuwa nimerekodi zaidi ni noti zangu sita, gitaa baada ya gitaa. Lakini kwenye rekodi ya gitaa lake, kabla ya noti ya kwanza, anasikika yeye. Sauti yake iko mbali kidogo, na mlio wa karanga kwenye ungo. "Hii ya katikati, dada, iliungua siku moja tunapiga hapo jineri. Hamisi, fundi umeme wa kiwanda, ndiye aliyeisuka upya kwa mkono. Alichukua waya wa mota ya—" Na hapo inaingia sauti yangu, safi, karibu na simu: "Mzee, naomba kimya kidogo, narekodi." Anasema, "Aa, samahani." Kisha noti sita.

Nililishusha gitaa langu, lile kamili. Niliitoa pikapu ile na kwa mara ya kwanza nikaifungua. Za kiwandani hufungwa utepe mweusi. Hii ilikuwa imefungwa uzi wa kushonea marobota ya pamba, mzunguko kwa mzunguko, umebanana, mwishoni umepigwa fundo dogo la mkono. Kwa miaka saba ukutani kwangu kulikuwa na gitaa ambalo halikuwahi kuwa kamili hata siku moja, na nilichoiba hakikutoka Japani. Ilikuwa kazi ya mikono ya Hamisi, na ndiyo ile sauti ambayo mzee aliitafuta kwenye vidole vyake mbele za watu asiipate. Nilicheka kidogo, nakumbuka, kicheko kibaya. Kisha nikairudisha mahali pake, kwenye gitaa lake. Safari hii kazi ya dakika ishirini ilinichukua mchana mzima.

Nilifika Mhunze Alhamisi. Jumamosi yake walikuwa wanaondoa matanga. Mama Mabula alikuwa peke yake sebuleni, amepungua, khanga ya msiba kiunoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaliangalia gunia.

"Umelirudisha."

"Ndiyo, bibi. Kuna jambo nataka kukwambia kwanza."

Nilimwambia kwa mpangilio, kama ninavyoeleza hapa, ila bila chumba changu na bila lile kundi, maana nilipoanza kueleza kuhusu kundi nilijisikia nikitafuta huruma. Nilisema nilitoa kile kisanduku chini ya nyuzi, nikaweka kingine, nikakipaka chai. Alisikiliza akiwa ameshika magoti.

"Chai," alisema.

"Chai na majivu. Kionekane cha zamani."

"Kwa hiyo siku ile ya Minza..."

"Haikuwa mikono yake, bibi."

Nje mtu alikuwa anashusha sufuria za kukodi kutoka kwenye mkokoteni. Mama Mabula aliinuka, akaenda kwenye kile kiti cha mbao cha mzee, akakigeuza ili mkono wa kiti wa kushoto uelekee dirishani. "Njoo uone." Mbao ilikuwa imelainika na kung'aa mahali pamoja, upana wa vidole vinne, mpaka ikabonyea. "Kila asubuhi. Uji ukipoa hapo, yeye yuko hapa anabonyeza. Nikamwambia, mume wangu, gitaa uligawa mwenyewe, unafanyia nini mazoezi? Akasema vidole vikirudi nitamwomba dada anikopeshe siku moja. Miaka saba, Kulwa. Alikuwa anaudai mkono wake."

Nilipiga magoti. Alinizuia kwa ishara ndogo, bila ukali, kama anayemfukuza kuku. "Inuka. Sitaki hayo. Umenikuta mimi peke yangu, unalia, nakusamehe, unaondoka mwepesi? Walicheka watu wengi. Jumamosi watakuwepo walewale."

"Niseme mbele yao?"

"Kama ulivyoniambia mimi. Na chai useme."

"Halafu niupige wimbo wake? Nimeufanyia—"

"Usiupige," alisema. "Huo si wako. Utagusa uzi mmoja, waisikie sauti. Basi."

Jumamosi ukoo ulijaa, majirani, wazee wawili waliowahi kucheza na ile bendi ya jineri. Yule mshereheshaji naye alikuwepo, sasa mtu mzima mwenye kitambi, amekaa nyuma na mtoto mapajani. Baada ya sala Mama Mabula aliniita kwa jina. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi na kuyasahihisha mara nyingi, na karatasi ilibaki mfukoni. Nilisema, "Shikamooni." Wakaitikia. Nilisema naitwa Kulwa, na kwamba mikono ya Mzee Shija haikuwa na kosa siku ile ya harusi, kosa lilikuwa langu. Nikaeleza. Nilipofika kwenye chai, mwanamke mmoja alisema "Ee!" kwa sauti, na mtu mwingine akaguna. Sikumwangalia Minza. Yule mshereheshaji alimteremsha mtoto, akainamia viatu vyake.

Nikalichomeka gitaa kwenye amplifaya niliyokuja nayo, nikagusa uzi mmoja. Mama Mabula aliinua mkono ili mtu asiseme kitu. Ile sauti ilianza nzito, ikafunguka, ikakaa hewani juu ya turubai na masufuria, ikapungua, ikawa kama haipo, na bado hakushusha mkono. Aliushusha ilipokwisha kabisa.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Sasa kaleni."

Niliizima ile amplifaya. Gitaa nikaliingiza sebuleni, nikaliegemeza kwenye kiti cha mzee, upande wa ule mkono uliobonyea, nikakunja mikono ya blauzi, nikaenda kwa wanawake waliokuwa wanasugua masufuria. Walisogea kidogo, nafasi ikapatikana. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyeniambia karibu.